Neno Moja, Ukurasa Mzima: Namna ya Kuandika Shairi la Umbo kwa Takriri

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nirudie neno mara ngapi? Neno lipi linafaa na lipi halifai? Mbona duara langu limetoka kama yai? Mbona shairi lilikuwa limenyooka kwenye kompyuta, na lilipofika kwenye simu ya rafiki likavurugika? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Shika penseli, uufuate, na jioni moja itatosha kumaliza shairi lako la kwanza.

Shairi la umbo husomwa na jicho kabla ya sikio. Neno moja au mawili hurudiwa na kupangwa mpaka mpangilio wenyewe uwe sehemu ya maana. Waliouanzisha mtindo huu katika miaka ya 1950, Eugen Gomringer wa Uswisi na kundi la Noigandres la São Paulo, Brazili, walitumia maneno machache mno. Shairi la Gomringer linalojulikana zaidi lina neno moja tu la Kihispania lenye maana ya kimya. Limerudiwa mara 14 katika mistari 5. Mahali ambapo lingekaa la 15, katikati kabisa, pameachwa wazi, na hapo pa wazi ndipo kimya chenyewe kinapokaa.

Ukitoka kwenye ushairi wa arudhi, yaani ule unaofuata vina na mizani, takriri, yaani kurudia neno, si ngeni kwako. Kikwamba hurudia neno mwanzoni mwa mishororo, pindu hubeba maneno ya mwisho wa ubeti hadi mwanzo wa ubeti unaofuata, na kibwagizo hurudi kila mara. Huko takriri hulitumikia sikio na kumbukumbu. Huku inatumia mahali: neno limekaa juu ya lipi, limekatikia wapi, na nafasi iliyo kando yake ina upana gani.

Jambo moja likumbuke tangu sasa, kwa kuwa hatua zote zinalitegemea. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo neno likirudiwa bila nafasi, mara nyingi huzaa neno jingine pale linapoungana na lenzake. Andika kazikazikazi, kisha anza kusoma kwenye z: zika. Hukuongeza herufi hata moja. Rudia neno mpaka litoe kilichokuwa ndani yake. Kurudia ili kuujaza ukurasa tu ni kupoteza wino.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la hesabu, lile lenye vyumba vya mraba. Chumba kimoja, herufi moja.
- Penseli mbili: moja ya kawaida, nyingine ya rangi kwa kutia alama maneno mapya yanayojitokeza.
- Kifutio na rula.
- Kamusi ya Kiswahili. Utaifungua mara nyingi kuliko unavyodhani.
- Kompyuta yenye LibreOffice Writer au Microsoft Word. Kama huna, shairi lililoandikwa kwa mkono kwenye miraba na kupigwa picha mahali penye mwanga wa kutosha lina hadhi ile ile.
- Fonti ya upana sawa, yaani ile inayoipa kila herufi nafasi ileile: Courier New au Liberation Mono. Katika Times New Roman herufi i ni nyembamba na m ni pana. "Kiini" na "mwana" yana herufi tano tano, lakini kwenye fonti hiyo hayalingani hata kidogo, na umbo lolote utakalojenga litapinda.

Hatua ya 1: Tafuta neno lenye neno ndani yake

Andika maneno kumi yanayohusu jambo unalotaka kulisema. Yawe mafupi, herufi 3 hadi 6, na yawe majina ya vitu vinavyoonekana au kushikika. Wanaoanza hukimbilia upendo, uhuru na amani. Ni maneno makubwa yanayokuja na maana iliyokwisha kushiba, na jicho halibakiziwi kazi. Chukua ukuta, mali, jua, nyumba.

Kisha lipitishe kila neno katika majaribio matatu.

*Kuzungusha.* Andika neno mara tatu bila nafasi, halafu anza kusoma kutoka herufi ya pili, ya tatu, ya nne. Kazi inatoa zika. Mali inatoa lima. Kata inatoa taka. Rafiki, likiandikwa rafikirafiki, lina fikira katikati. Usitafute kwa silabi peke yake, tafuta kwa herufi pia: ndani ya simbasimba mna basi, ambalo huwezi kuliona ukihesabu silabi.

*Kumega.* Toa herufi ya kwanza, usome kilichobaki. Toa nyingine, usome tena. Maneno mengi hufa kwenye hatua ya pili, lakini machache hushuka ngazi yote bila kukosea:

```
mchana
 chana
  hana
   ana
    na
     a
```

Kila mstari hapo ni neno la Kiswahili. Mwana hufanya vivyo hivyo: mwana, wana, ana, na, a. Nyumba hutoa yumba, kisha umba, na ukikiangalia kitu kama hicho kwa makini utaona shairi limekwisha kukaa tayari, linasubiri mtu wa kulipanga. Ukuta hutoa kuta, halafu uta. Usiku hutoa siku. Chakula huruka ngazi mbili lakini kinachobaki kina uzito: chakula, hakula, kula, la.

*Maana zaidi ya moja.* Jua ni la angani, na pia ni kufahamu. Herufi zake mbili za mwisho ni ua, ambalo ni la bustanini na pia ni kuondoa uhai. Neno la namna hii hubadilika kila msomaji anapoendelea kulitazama.

Neno likishindwa majaribio yote matatu, liache hata kama unalipenda.

Onyo. Mgongano wa herufi huzaa pia usichokitaka. Raha ni neno zuri, fupi, lina silabi mbili. Liandike raharaharaha, nawe utakuwa umeandika hara mara mbili. Msomaji atakuwa amekwisha kuliona kabla yako. Pitia kila kiungo kwa penseli ya rangi kabla ya kulikubali neno.

Hatua ya 2: Ipe takriri kazi

Juu ya ukurasa andika sentensi moja: "Neno hili linarudiwa hadi…" na uimalize. Jua linarudiwa hadi lianze kuua. Kazi inarudiwa hadi izike. Ukuta unarudiwa hadi tofali moja limeguke.

Ukijikuta umeandika "ili kusisitiza" au "ili lipendeze," rudi Hatua ya 1. Msisitizo hukamilika neno linaporudiwa mara ya tatu. Hizo nyingine hamsini zinafanya nini?

Njia rahisi kuliko zote, na ndiyo ya kuanza nayo, ni kuacha herufi zilivyo na kuhamisha nafasi peke yake:

```
kazi kazi kazi kazi
kazikazikazikazi
ka zika zika zika zi
   zika zika zika
```

Mstari wa kwanza ni wa kawaida. Wa pili umebanwa, hakuna pa kupumulia. Wa tatu una herufi zile zile 16, ila mapengo yamehama. Wa nne umeangusha ka na zi zilizobaki pembeni. Hakuna neno lililoletwa kutoka nje. Zika ilikuwemo tangu mstari wa kwanza. Hapa usiongeze mstari wa tano wa kueleza.

Njia ya pili ni kujenga, kama fundi anavyopanga matofali, kiungo cha juu kisikae juu ya kiungo cha chini:

```
ukuta ukuta ukuta ukuta
ta ukuta ukuta ukuta uk
ukuta ukuta   uta ukuta
ta ukuta ukuta ukuta uk
ukuta ukuta ukuta ukuta
```

Kila mstari una nafasi 23. Mistari ya 2 na ya 4 huanza na kumalizika kwa vipande vya tofali, ta na uk, na ndivyo kuta hujengwa. Katika mstari wa 3 tofali moja limemeguka, na penye ufa pana uta, yaani upinde. Jihadhari: tofali lililomeguka lazima lishike nafasi zake zote tano (mbili tupu, tatu za herufi). Ukisahau nafasi moja, tofali la mwisho husogea na ukuta wote huonekana umeandikwa kwa uzembe.

Njia ya tatu ni kujaza umbo. Hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo tutaifanya taratibu.

Hatua ya 3: Chora umbo, kisha hesabu vyumba

Tutengeneze duara la jua.

Kwanza ujue kwa nini duara huwa yai. Herufi ya Courier New ya pointi 12 ina upana wa pointi 7.2, lakini mstari wake una kimo cha pointi 12. Chumba cha kompyuta ni kirefu kuliko kipana. Ukichora duara la vyumba 20 kwa 20 daftarini na kulihamishia kwenye kompyuta, litarefuka kwenda chini. Dawa ni hesabu moja: idadi ya mistari = upana × 0.6. Upana wa herufi 20 unahitaji mistari 12. Daftarini litaonekana limebonyea. Usilirekebishe, kwenye skrini litakaa sawa.

Upana wa kila mstari, kutoka juu hadi chini, ni huu:

8, 14, 16, 18, 20, 20, 20, 20, 18, 16, 14, 8

Nafasi tupu za kuacha kushoto kabla ya kila mstari ni hizi:

6, 3, 2, 1, 0, 0, 0, 0, 1, 2, 3, 6

Jumla ya vyumba ni 192. Gawa kwa idadi ya herufi za neno lako. Neno la herufi 3 litaingia mara 64, la herufi 4 mara 48, la herufi 6 mara 32, bila baki. Neno la herufi 5 halitoshi: litaacha vyumba viwili. Fanya hesabu hii kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Ukiiacha hadi mwisho, neno la mwisho hukatika, na mahali pa mwisho ndipo jicho linapotua.

Hesabu ya pili inasahaulika zaidi, nayo ndiyo inayotenganisha shairi hai na karatasi ya mapambo. Gawa upana wa mstari kwa herufi za neno. Ukigawanyika sawasawa, kila neno linasimama juu ya lenzake na milia ya wima hutokea: k chini ya k, a chini ya a. Ukibaki na baki, neno linateleza mstari hadi mstari na kila mstari huanza kwa herufi nyingine. Milia inafaa kwa mvua, nguzo, ua wa miti. Mtelezo unafaa kwa maji, joto, kitu kinachotembea. Ishirini kwa nne haina baki, kwa hiyo kazi itasimama milia katika mistari minne ya kati. Ishirini kwa tatu inabaki mbili, kwa hiyo jua litateleza. Chagua kwa kukusudia.

Hatua ya 4: Jaza bila kuanza upya

Anza kushoto juu, andika neno mfululizo. Mstari ukiisha katikati ya neno, herufi zilizobaki zianze mstari unaofuata. Usianze neno upya kila mstari.

```
      juajuaju
   ajuajuajuajuaj
  uajuajuajuajuaju
 ajuajuajuajuajuaju
ajuajuajuajuajuajuaj
uajuajuajuajuajuajua
juajuajuajuajuajuaju
ajuajuajuajuajuajuaj
 uajuajuajuajuajuaj
  uajuajuajuajuaju
   ajuajuajuajuaj
      uajuajua
```

Sasa shuka kwenye ukingo wa kushoto kwa penseli ya rangi. Mistari mitano, wa 3, wa 6, wa 9, wa 10 na wa 12, imeanza kwa *ua*. Mitano mingine imeanza kwa *ajua*. Ukiliandika hili kuhusu ukame, hukulazimika kusema kwamba jua linaua, ukingo umesema. Na mstari wa mwisho, ulio mdogo, umeanza kwa ua lile lile ambalo msomaji mwingine ataliona la bustanini. Ungeanza upya kila mstari, ukingo wote ungekuwa herufi j kumi na mbili, na ua zote zingezikwa ndani.

Hakikisha unaandika herufi ndogo tupu, bila nukta wala koma. Herufi kubwa moja hutokeza kama kigingi. Angalia pia sura za herufi za neno lako. Maneno yasiyo na herufi ndefu, kama maua au mwana, hutoa kijivu kilicho sawa. Yenye k, l, t na b hutoa meno meno. J na y zina mikia inayoning'inia kuingia kwenye mstari wa chini, ndiyo maana duara hili la jua linaonekana limefumwa.

Hatua ya 5: Mgeni au pengo

Takriri humzoesha msomaji. Akishazoea, kitu kimoja tu kikibadilika humshtua. Mwaka 1965 Mjerumani Reinhard Döhl alijaza umbo la tunda la tufaha kwa jina la tunda hilo, akaficha humo neno moja lenye maana ya funza. Wengi hulitazama tunda zima kabla ya kumwona.

Mgeni mzuri hufanana kwa sura na wenyeji wake. Kwa jua, mgeni wa kuaminika ni njaa: herufi j na a zimo tayari. Tatizo ni kwamba njaa ina herufi 4, na ukiibadilisha na jua moja hesabu inazidi kwa herufi moja, mistari yote ya chini inasogea na zile ua za ukingoni zinapotea. Suluhisho: toa jua 4, weka njaa 3. Herufi 12 kwa 12. Ziweke zote ndani ya mstari mmoja ili mistari mingine isiguswe. Mstari wa 7 utakuwa:

```
juanjaajuanjaanjaaju
```

Hesabu: ni 20. Na sasa mstari huo unasomeka kwa namna nyingine, *jua njaa, jua njaa*, kama amri ya kuijua njaa.

Ukipenda pengo badala ya mgeni, ondoa neno zima na uache nafasi zake zote tupu. Pengo la herufi moja au mbili husomeka kama kosa la kuchapa. Pengo moja linatosha. Ukiweka matatu, msomaji ataanza kuyahesabu na kutafuta mchoro ambao haupo.

Mgeni usimweke mwanzoni wala mwishoni mwa mstari wa kwanza au wa mwisho, kwa sababu jicho huanzia huko. Mweke ndani, chini kidogo ya nusu ya umbo.

Hatua ya 6: Hamishia kwenye kompyuta

Fungua ukurasa wa A4 na upange hivi kabla ya kuchapa chochote:

- Fonti Courier New, pointi 12.
- Maandishi yapangwe kushoto. Usitumie mpango wa kunyoosha pande zote mbili, kwa kuwa programu itatanua nafasi zako.
- Nafasi kati ya mistari iwe kipimo kamili cha pointi 12, na nafasi kabla na baada ya aya iwe 0.
- Zima kisahihishaji cha maneno na kile kinachogeuza herufi ya kwanza ya mstari kuwa kubwa.
- Zima ukaguzi wa tahajia ili mistari myekundu isikuzibe macho.

Kwa pambizo za sentimita 2.5 kila upande, mstari mmoja wa A4 unabeba herufi 62 za ukubwa huu. Usivuke hapo, la sivyo mstari utajikunja wenyewe.

Nafasi za kushoto ziweke kwa kitufe cha nafasi, kimoja kimoja. Usitumie kitufe cha Tab: urefu wake hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine. Chapa mstari mmoja, uhesabu, ndipo uende wa pili. Kuchapa yote na kuhesabu mwishoni huchukua muda maradufu, maana kosa la mstari wa 2 limekwisha kusambaa hadi wa 12.

Hatua ya 7: Lijaribu

Chapisha na ulibandike ukutani. Simama hatua tano nyuma. Umbo linaonekana? Sogea hadi mkono uguse karatasi. Sasa unasoma, au bado unaona picha tu? Shairi linahitaji yote mawili.

Ligeuze juu chini. Maana ikiondoka, macho huona kasoro: mto mweupe wa nafasi unaokatiza umbo, au mahali penye giza zaidi kuliko kwingine.

Kisha lisome kwa sauti, polepole, bila kuruka. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, lakini ndiyo njia ya uhakika ya kusikia maneno yaliyozaliwa kwenye viungo. Ukisema juajuajua kwa pumzi moja, sikio litakuletea ajua kabla jicho halijaiona.

Hatua ya 8: Lihifadhi na kulituma

Hifadhi nakala mbili: moja ya kuhariri, nyingine ya PDF. Kwa kutuma kwa simu, lifanye kuwa picha. Ukilinakili kama maandishi ndani ya WhatsApp, fonti itabadilika na umbo litaanguka. Kama ni lazima litumwe kama maandishi, weka alama tatu za ` mwanzoni na tatu mwishoni. WhatsApp itatumia fonti ya upana sawa. Hata hivyo skrini ya simu ni nyembamba, kwa hiyo mistari isizidi herufi 20 hivi.

Likikataa

*Duara limekuwa yai lililosimama.* Umesahau kuzidisha kwa 0.6, au nafasi kati ya mistari si pointi 12 kamili. Angalia nafasi kwanza. Mara nyingi programu imeweka 1.15 yenyewe.

*Ukingo wa kulia unayumba.* Fonti si ya upana sawa, au kuna mstari wenye herufi pungufu. Badilisha fonti kwanza. Usipotengemaa, hesabu.

*Watu wanasema "picha nzuri" na kuondoka.* Umbo limelishinda neno. Punguza ukubwa, au achana na umbo kabisa na urudi kwenye mraba. Mraba hauna cha kuonyesha, kwa hiyo humlazimisha msomaji asome. Kwa maoni yetu shairi likiweza kusimama ndani ya mraba, ni dalili kwamba neno lilichaguliwa vizuri.

*Umbo halionekani kabisa.* Mistari ni michache mno. Chini ya mistari 10, duara, jani na samaki hufanana.

*Mgeni anaonekana mara moja.* Ana herufi ndefu ambazo wenyeji hawana. Tafuta mwingine mwenye kimo kile kile.

*Mwalimu anauliza vina na mizani viko wapi.* Ni swali la haki. Hili si shairi la arudhi, na usilipeleke kwenye mtihani unaodai arudhi. Liwasilishe pale panapokubali shairi huru.

*Neno langu lina herufi 5.* Badilisha upana wa mistari ya duara uwe 10, 14, 16, 20, 20, 20, 20, 20, 20, 16, 14, 10, na nafasi za kushoto ziwe 5, 3, 2, 0, 0, 0, 0, 0, 0, 2, 3, 5. Vyumba ni 200, na neno litaingia mara 40. Kwa kuwa 20 hugawanyika kwa 5, mistari sita ya kati itasimama milia. Ukijaza kwa neno mwaka, karibu kila mstari utaanza kwa m, isipokuwa wa 3 unaoanza kwa a, na wa 11, ambao peke yake utaanza kwa *waka*.